Parseli ya kando ya Kivu haipandwi kama ya pwani ya bahari

Bwana Mhariri,

Wenye parseli (viwanja vya nyumba) zinazotazama ziwa Kivu hapa Goma, kuanzia mtaa wa Himbi mpaka Keshero, wengi hupanga bustani kwa kuiga picha za pwani ya bahari: minazi mlangoni, peluzi (uwanja wa nyasi) mpaka majini, maua ya hortensia kando ya ukuta. Bustani hizo hupendeza wakati wa mvua za Novemba. Ikifika Julai majani yamegeuka manjano, ncha zimeungua, na mtunza bustani analaumiwa kwamba hakumwagilia vya kutosha. Mara nyingi alimwagilia sana, na maji yenyewe ndiyo yaliyoharibu.

Pwani ya bahari, adui wa bustani ni chumvi inayoletwa na upepo. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa lita. Matone yake yakirushwa na mawimbi yanaunguza jani lolote lililo laini. Ndiyo maana watu wa Mombasa au Dar es Salaam wanapanda mvinje, mkungu na mkadi, miti iliyozoea mateso hayo. Maji ya juu ya Kivu yana karibu gramu 1 tu kwa lita. Upepo wa ziwa hauwezi kuunguza majani kwa chumvi hiyo. Anayetafuta miti ya kustahimili upepo wa bahari anatibu ugonjwa ambao Goma haina, na anayaacha yale yanayoua mimea yake: jiwe lisilo na udongo, maji ya kumwagilia, na moshi wa mlima wa volkano, Nyiragongo.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo hasara kubwa ilipo.

Gramu 1 kwa lita inaonekana kuwa kitu kidogo. Lakini chukua peluzi ya mita 50 za mraba. Kuimwagilia lita 10 kwa kila mita, mara mbili kwa wiki, kunataka lita 1,000, yaani bidoni (madumu) 50 za lita 20. Kila wiki unamwaga karibu kilo 1 ya madini juu ya udongo huo. Kiangazi cha Juni mpaka Agosti kikiisha umemwaga kama kilo 12. Maji yanapanda hewani, madini yanabaki. Na chumvi ya Kivu si ile ya mezani. Sehemu yake kubwa ni ya jamii ya magadi, bikaboneti za sodiamu, za magnesi na za potasi. Kipimo cha pH, kinachoonyesha uchachu (chini ya 7) au ukali wa magadi (juu ya 7), kwa maji hayo ni karibu 9, wakati mimea mingi ya bustani inapenda udongo wa 6 hadi 7.

Magadi hayo yanafunga chuma kilichomo udongoni, mzizi ukashindwa kukinywa. Alama yake inaonekana kwenye jani jipya, lile la juu kabisa: linatoka la manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Jani la zamani, la chini, likigeuka manjano lote kwa pamoja, hiyo ni njaa ya naitrojeni na inataka mbolea. Watu huchanganya dalili hizi mbili, wakaongeza samadi pale ambapo samadi haina kosa. Sodiamu nayo inaharibu udongo wenyewe. Udongo wa mfinyanzi unaoletwa na lori unashikamana, unafunga vinyweleo, na juu yake kunabaki gamba gumu lenye unga mweupe. Ukiona maji yanasimama mahali ambapo mwaka jana yalikuwa yakizama, sababu ndiyo hiyo.

Dawa ya kwanza ni tangi la mvua. Bati la mita 60 za mraba, mvua ya milimita 10 ikinyesha, linatoa lita 600. Ukiondoa zinazopotea unabaki na karibu 500. Maji ya kwanza yasiingie tangini: mwaga lita 1 kwa kila mita ya mraba ya bati, yaani bidoni 3 kwa bati hilo, kwa sababu yanabeba majivu na asidi ya mlima pamoja na zinki iliyolika kwenye bati. Maji ya tangi yatunziwe mimea dhaifu na miche ya mwaka wa kwanza. Mimea migumu inaweza kupewa ya ziwa, au mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Wako wanaodai kwamba mvua ya asidi ya Nyiragongo inaua magadi ya ziwa. Haina nguvu hiyo hata kidogo. Magadi ni mengi mno kulinganisha na asidi ya mvua. Mchanganyiko unapunguza tu: gramu 1 inakuwa nusu gramu, na nusu gramu mimea mingi inaivumilia.

Kwa vyungu vichache, glasi moja ya siki (mililita 200) katika bidoni ya lita 20 inaua zaidi ya nusu ya magadi. Sodiamu haiondoki, basi usifanye hivyo kwa bustani nzima.

Ukimwagilia maji ya ziwa, mwagilia mara chache na kwa wingi, chini kwenye shina, wala usirushe maji juu ya majani. Kikombe cha kila jioni kinalowesha sentimita chache za juu, na madini yanarundikana pale pale mizizi ilipo. Bidoni nzima mara mbili kwa wiki inayasukuma chini. Na tafadhali, majivu ya mbabula (jiko la makaa) yasitupwe kwenye bustani inayokunywa maji ya Kivu. Huko Masisi, penye udongo mchachu, majivu ni mbolea nzuri. Hapa ni kuongeza magadi juu ya magadi.

Sasa jiwe. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani, na hata penye lava za kale udongo wa juu ni haba. Wengi wanasawazisha kwa saruji, kisha wanajenga sanduku la matofali juu yake na kulijaza udongo. Sanduku la namna hiyo ni beseni: maji hayatoki, chumvi haitoki, mizizi inaoza wakati wa mvua na kuungua wakati wa kiangazi. Lava yenyewe, kwa nyufa zake, inapitisha maji vizuri sana. Iacheni ifanye kazi hiyo.

Kabla ya kuvunja chochote, mwaga bidoni moja ya maji kwenye kila mahali unapotaka kupanda mti. Maji yakizama ndani ya dakika chache, kuna ufa unaokwenda chini, na mzizi utaufuata. Yakikaa saa nzima, hapo ni bakuli. Vunja zaidi kwa baramini (mtaimbo) na nyundo kubwa mpaka upate ufa, au hapo pawe mahali pa kukaa. Shimo la mti liwe na mita 1 kwa kila upande. Likishindikana, usipande mti mkubwa. Mti unaosimama kwenye nusu mita ya udongo juu ya jiwe lisilo na ufa unaangushwa na upepo ukifika umri wa kuleta kivuli.

Kwa maua na vichaka, jenga tuta kwa mawe ya lava yaliyopangwa bila saruji: sentimita 40 za kina kwa maua, 60 hadi 80 kwa vichaka. Kosa linalokula pesa nyingi kuliko yote ni kumwaga udongo moja kwa moja juu ya mawe. Mvua mbili tatu kubwa zinaupeleka wote kwenye nyufa, tuta linabaki bonde, na mwenye nyumba anaita lori lingine. Ziba kwanza kwa ngazi: mawe ya ukubwa wa ngumi, juu yake ya ukubwa wa yai, kisha kokoto, kisha changarawe laini ya volkano, kila tabaka likijaza matundu ya lile la chini. Malizia kwa majani makavu ya mgomba yaliyokanyagwa. Hapo ndipo udongo unaingia: sehemu mbili za udongo mweusi, sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza kabisa, sehemu moja ya changarawe laini ya volkano. Tuta la mita 10 za mraba, ukiweka sentimita 30 za mchanganyiko huo, linataka mita 3 za ujazo, yaani bidoni 150. Hiyo ni mizigo mingi ya chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili), na ni afadhali kufanya tuta moja vizuri kuliko matatu nusu nusu. Mwaka wa kwanza litashuka, kwa sababu mboji inaoza. Acha nafasi ya kujazia.

Funika udongo kwa nyasi kavu au majani, sentimita 5 hadi 8, bila kugusa shina. Kokoto nyeusi peke yake inapendeza machoni, ila jua la mchana linaipasha moto mpaka miche midogo inaungua shingo. Kokoto iwe njiani, majani yawe miguuni pa mimea. Alizeti mwitu, ile ya maua ya manjano inayoota kando ya barabara, ikikatwa kabla ya kutoa maua ni mbolea nzuri na haiuzwi popote. Ifukie ikiwa mbichi, wiki mbili au tatu kabla ya kupanda.

Kuna jambo ambalo katalogi za bustani za pwani haziwezi kumwambia mtu wa Goma: mazuku. Upande wa magharibi wa mji, kando ya ziwa na kuelekea Bulengo, kaboni dioksidi inatoka kwenye nyufa za lava na kujikusanya mahali pa chini. Haina rangi wala harufu, ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, na inaua mtu kama inavyoua mbuzi. Usiku na alfajiri bila upepo ndipo inajaa. Kwa hiyo bustani ya kushuka ngazi, ile inayochimbwa chini ili kukinga upepo, isijengwe huko kabisa. Mchimbaji asiinamishe kichwa shimoni asubuhi mapema, wala asifanye kazi peke yake. Shimo lililochimbwa leo lijazwe leo. Ukikuta mijusi, ndege au wadudu wamekufa penye kishimo, funga mahali hapo, watoto wasipite, na uwaite wataalamu wa kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG. Hata ukuta una neno: ukuta mzima usio na tundu unazuia gesi kutiririka. Acha matundu chini kabisa, usawa wa ardhi, upande wa mteremko. Uzio wa mimea ni bora kuliko ukuta kwa jambo hilo, na kwa upepo pia, kwa sababu unaupunguza nguvu badala ya kuurusha juu ukaanguke kwa kishindo upande wa pili.

Mimea ipi, basi? Mnazi uacheni. Goma iko karibu mita 1,460 juu ya bahari, usiku baridi inashuka karibu nyuzi 15. Mnazi unaweza kuishi kidogo, utakonda. Mwenye kutaka umbo la mtende apande mkindu, mti wa Afrika yetu unaoota kando ya mito na maziwa, unaovumilia maji yenye chumvi kidogo na kuzaa machipukizi mengi. Miiba yake ni mikali, usiuweke njiani.

Bugenvilia ndiyo malkia wa mawe haya. Inavumilia kiangazi, inavumilia maji ya ziwa, na ukiibembeleza kwa maji mengi inatoa majani badala ya maua. Pandikiza vipande vya sentimita 20 vyenye unene wa penseli, mwanzoni mwa mvua. Muko, ule wa maua mekundu na gome nene, unaota kwa kipande kikubwa cha tawi, unalisha udongo kwa naitrojeni na kuvuta ndege. Agave, shubiri na drasena zinafaa pembezoni, pale jiwe lilipo karibu sana. Miyenzi hutoa uzio wa haraka: kata vipande vya sentimita 40, viache kivulini siku tano ili utomvu ukauke, kisha vichomeke kila sentimita 25. Utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Anayekata avae kitu cha kukinga macho na watoto wawe mbali. Oleanda, wengine wanaiita loriye-rozi, inashinda karibu zote kwa kuvumilia chumvi na ukavu, lakini kila sehemu yake ni sumu, hata moshi wa vijiti vyake. Penye watoto wadogo au mbuzi mimi nisingeiweka, kuwe na uzuri gani.

Lantana nayo itaishi popote. Ndege wanaisambaza mpaka kwa jirani, na ni sumu kwa mifugo, isiongezwe. Fikisi (miti ya jamii ya mkuyu) ziwe mita 10 kutoka tangi na msingi wa nyumba, maana mizizi yake inatafuta maji na kupasua saruji.

Hortensia, azalea, gadenia na freze (stroberi) ni za maji ya mvua tu. Ziweke kwenye vyungu karibu na tangi, au uziache. Avoka inaungua ncha za majani kwa chumvi kidogo. Ipande mbali na ziwa, penye udongo wa kina, na mwaka wa kwanza na wa pili uinyweshe maji ya tangi. Ndimu na machungwa yanavumilia kiasi lakini yanageuka manjano upesi. Kwenye mboga, maharagi ndiyo dhaifu kabisa. Bitirave (bitiruti) na lengalenga zinastahimili zaidi.

Peluzi: kama ni lazima, iwe ndogo, na iwe ya ukoka. Ukoka unavumilia chumvi na magadi, unatosheka na sentimita 20 za udongo, na hata ukikauka Agosti unaamka Septemba. Panda vishina kila sentimita 15, na wakati wa kiangazi usikate chini ya sentimita 4. Mahali ambapo parseli inakutana na maji, matete na mafunjo yabaki. Yanavunja nguvu ya wimbi na kushika udongo. Anayeyang'oa ili aone ziwa vizuri anaanza kujenga ukuta, wimbi linachimba chini ya ukuta, na ukuta unaanguka.

Moshi wa mlima unakuja na kwenda. Ukishukia bustani, majani yanapata madoa ya kahawia na kingo zinaungua. Yenye ngozi nene na nta yanapona, laini yanakufa. Suuza majani kwa maji safi siku hiyo hiyo, na usikate matawi yaliyoungua mpaka machipukizi mapya yaonyeshe yapi bado hai. Mbuzi wasile nyasi zenye majivu: yanaweza kubeba floraidi inayoharibu meno na mifupa. Mboga zioshwe mara mbili.

Wakati mwema wa kupanda ni kuanzia katikati ya Septemba mpaka Oktoba, mvua zikishashika, ili mizizi iwe na miezi mingi kabla ya Juni. Machi inafaa pia. Wauza miche wa kando ya barabara watauza hata mwezi wa sita, kwani mteja yupo. Mche wa Juni utaanza maisha kwa maji ya bidoni, na mara nyingi hautafika Septemba. Ninawaomba wenye pepinyeri (vitalu vya miche) waandike kwenye kila mfuko kama mche huo unavumilia maji ya ziwa au hapana. Ni neno moja la kalamu, na litamwokolea mnunuzi pesa.

Kwa bustani ambayo tayari ni ya manjano, usiing'oe. Toboa matundu ya sentimita 2 chini ya masanduku ya saruji, kila nusu mita. Kwangua gamba jeupe la juu ukalitupe nje ya parseli. Chota gramu 5 za salfeti ya chuma kwa lita 1 ya maji ya mvua (ya ziwa yatakigeuza chuma kuwa kutu kabla hakijafika kwenye jani), nyunyiza majani jioni, rudia baada ya wiki mbili. Chunga isiguse vigae wala ukuta, doa lake halitoki. Kisha mvua za kwanza za Septemba zikija, fungua mfereji wa bati uelekee kwenye matuta kwa siku kadhaa baada ya kumwaga yale maji machafu ya mwanzo, zioshe udongo mpaka chini, na mboji iwekwe baada ya hapo, si kabla.

Mtunza bustani,
Himbi, Goma